Namna ya kurekodi TV nyumbani sasa deki za kurekodi zimekwisha madukani

Wateja bado huingia dukani kwangu hapa Mombasa wakaniuliza, "Fundi, huna ile deki inayorekodi?" Wengine humaanisha deki ya kanda, wengine ile ya DVD yenye kitufe chekundu cha REC mbele. Huwa nawajibu kwamba mpya hawataipata, na wakiuziwa iliyotumika wajue wananunua kifaa cha kuokolea kanda na diski zao za zamani tu. Kwa kurekodi taarifa ya habari ya leo, deki hiyo haina kazi.

Lakini kurekodi kwenyewe kupo, na gharama yake imeshuka sana, mradi ujue cha kununua na ukijaribu kabla hujatoa pesa. Haya nayaandika kwa anayetaka kipindi cha TV kiwe chake, akitazame mwaka ujao au miaka kumi ijayo bila bando na bila kulipia cha mwezi.

Tuanze na sababu ya deki kutoweka, maana ukiielewa hutauziwa takataka. VHS ililetwa sokoni na JVC ya Japani mwaka 1976. Kampuni ya mwisho kuunda deki zake ilikuwa Funai, pia ya Japani, iliyofunga kazi hiyo Julai 2016. Enzi za neema iliuza deki milioni 15 kwa mwaka. Mwaka 2015 iliuza 750,000, na vipuri vilikuwa vigumu kupatikana. Huko Marekani, TiVo ilitokea mwaka 1999 na kisanduku cha kurekodi kwenye hadi diski, watu wakaanza kusimamisha kipindi kilicho hewani na kukirudisha nyuma kwa rimoti. Mwaka 2025 TiVo nayo iliacha kuuza visanduku hivyo. Februari ya mwaka huohuo Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Watu wamehamia kwenye YouTube na Netflix, ambako kipindi hukaa kikimsubiri mtazamaji, basi wakaona hawana haja ya kurekodi.

Kwetu Kenya kulikuwa na pigo la pili. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ilizimwa, na tyuna (kile kipokea mawimbi) iliyomo ndani ya deki zote za kanda, pamoja na zile za DVD zilizojaa madukani wakati ule, ni ya analogi. Haikamati mawimbi ya dijitali ya DVB-T2 tunayotumia sasa. Utaweza kuiunganisha na king'amuzi kwa zile nyaya tatu, wa njano, mwekundu na mweupe, lakini deki itarekodi chochote ambacho king'amuzi kinaonyesha saa ile. Ukitoka nyumbani bila kukiacha king'amuzi kwenye chaneli sahihi, umekosa kipindi. Na picha itakayoingia kwenye diski imekwisha kupunguzwa ubora, kwa kuwa imetolewa kwenye dijitali ikapitishwa kwenye analogi, kisha ikarudishwa dijitali.

Kwa hiyo shikilia kanuni moja unapochagua kifaa: rekodi iwe faili unayoweza kuitoa ikafunguka kwenye kifaa kingine. Kifaa kisichokupa faili hiyo kitakufa siku moja na rekodi zako ndani yake.

Cha kununua

Kwa nyumba nyingi jibu ni king'amuzi cha chaneli za bure chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi. Kwenye boksi huandikwa PVR, au PVR Ready, au USB Recording. Usiyaamini maandishi hayo peke yake. Tundu la USB lipo karibu kwenye kila king'amuzi, ila kuna vile vinavyolitumia kuchezea muziki na picha tu.

Nenda dukani na flashi yako mwenyewe na laptopu, au na mtu mwenye laptopu. Iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au duka la mtaani kwenu, mwambie muuzaji akiwashe king'amuzi kikiwa kimeunganishwa na antena. Muuzaji asiyekubali kuwasha, mwache na king'amuzi chake. Chomeka flashi, chagua chaneli, bonyeza REC, subiri dakika tano, kisha bonyeza STOP. Fungua rekodi hiyo kwenye king'amuzi kwanza uone kama picha na sauti zinakwenda pamoja. Halafu chomoa flashi, iingize kwenye laptopu, uifungue faili kwa VLC, programu ya kuchezea video.

Hapo ndipo ukweli hujulikana. Ukiona faili inayoishia na .ts au .mts na VLC ikaicheza, king'amuzi hicho kinafaa. Ukiona folda yenye mafaili ambayo VLC haiyafungui kabisa, au yanayoonyesha giza na kelele, ujue king'amuzi hicho kinazifunga rekodi zake kwa ufunguo wake, na hakuna kifaa kingine kitakachozisoma. Nimewahi kuletewa flashi iliyojaa vipindi vya watoto vilivyorekodiwa kwa namna hiyo baada ya king'amuzi kupigwa na umeme. Sikuwa na la kumsaidia yule baba, kwa sababu ufunguo ulikuwa umeteketea na king'amuzi chenyewe.

Ving'amuzi vya kulipia vyenye hadi diski ndani viko hivyo hivyo. Ni vizuri kwa kutazama mechi uliyoikosa jana, lakini rekodi zimefungwa kwa kifaa na kadi, na ukiacha kulipa hazichezi. Vitumie kwa starehe ya wiki. Kwa kumbukumbu ya familia usivitegemee.

Flashi au hadi diski

Chaneli ya picha ya kawaida hula takriban gigabaiti moja kwa saa, wakati mwingine inazidi kidogo. Chaneli ya HD hula mbili hadi tatu. Flashi ya gigabaiti 32 yatosha kwa anayerekodi na kufuta. Anayetaka kuweka akiba anunue hadi diski ya nje.

Flashi bandia zimejaa. Imeandikwa gigabaiti 64, ukiichomeka kompyuta nayo inakuonyesha 64, lakini ndani mna 8. Ukipita 8 inaendelea kupokea kana kwamba hakuna tatizo, na kile unachodhani kimehifadhiwa hakipo. Ijaribu kwa H2testw kama una Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Programu hizo huijaza flashi yote kisha hukisoma tena kilichoandikwa. Jaribio hilo huchukua saa kadhaa, lakini kwa flashi ya kurekodia mimi siliruki.

Jambo jingine ni fomati, yaani mpangilio ambao flashi hutumia kuhifadhi faili. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ving'amuzi vyema huikata rekodi vipandevipande vyenyewe, vingine hukoma pale pale, na mechi ya HD hukatika kipindi cha pili. Kama king'amuzi chako kinakubali NTFS, tumia NTFS. Njia rahisi ni kukiacha king'amuzi chenyewe kiifomati flashi kupitia menyu yake, lakini toa kwanza vyote vilivyomo, maana vitafutika.

Hadi diski ya nje ina shida ya umeme. Tundu la USB la king'amuzi huwa dhaifu, na diski inayozunguka huhitaji nguvu nyingi pale inapoanza. Ukisikia inalia tik-tik-tik bila kuanza, usiendelee kuilazimisha, utaiharibu. Nunua habu ya USB yenye adapta yake ya umeme uipitishe humo, au tumia SSD, ambayo haina kinachozunguka.

Kutega saa

Hapa ndipo wengi hukwama, na king'amuzi hakina kosa. Kwanza weka ukanda wa saa uwe GMT+3. Saa ya king'amuzi huja na mawimbi ya TV ikiwa ya GMT, kisha kifaa huongeza saa tatu. Ukiacha kwenye sifuri, kila utakachotega kitaanza saa tatu baadaye.

Pili, king'amuzi huhesabu saa ishirini na nne kwa mtindo wa kizungu. Taarifa ya habari ya saa moja jioni iandike 19:00. Ya saa tatu usiku, 21:00. Mwandikie karatasi mama au babu anayetaka kutega mwenyewe, ukiibandika ubavuni mwa TV: saa mbili usiku 20:00, saa nne usiku 22:00, na kuendelea. Wazee wangu wengi wameweza kazi hii kwa karatasi hiyo tu.

Tatu, kwenye menyu ya Timer kuna sehemu ya kuchagua kazi, na mara nyingi huwa imewekwa View au Play. Hiyo itakuwashia TV kwenye chaneli hiyo bila kurekodi chochote. Ibadilishe iwe Record. Chini yake kuna Once, Daily na Weekly. Kwa tamthilia ya kila siku chagua Daily, kwa kipindi cha Ijumaa chagua Weekly, uache kikuhudumie.

Usiutegemee mwongozo wa vipindi unaoonekana kwenye skrini. Stesheni zetu haziujazi sawasawa, na kipindi huweza kuchelewa. Anza dakika tano kabla, maliza robo saa baada. Kwa mechi ya mtoano ongeza saa nzima, kuna dakika za nyongeza na penalti.

Ukimaliza kutega, zima kwa rimoti, usizime ukutani. King'amuzi kiwe kimelala na taa yake nyekundu ikiwaka, ndipo kitaamka chenyewe. Fanya jaribio fupi mchana kabla ya usiku unaoujali: tega dakika kumi mbele, zima kwa rimoti, uone kama kitaamka.

Umeme ukikatika katikati, usivunjike moyo. Faili ya .ts hujengwa kwa vipande vidogo vidogo vinavyojitosheleza, kwa hiyo sehemu iliyokwisha kuandikwa kwa kawaida huchezeka hata kama faili haikufungwa vizuri. King'amuzi kikikataa kuifungua, ijaribu kwa VLC kabla ya kuifuta.

Kuhusu kurekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine: ving'amuzi vya bei nafuu vina tyuna moja, na tyuna moja hukamata masafa moja kwa wakati. Lakini masafa moja hubeba chaneli nyingi. Hapa Kenya Citizen, NTV na KTN hurushwa kwa pamoja na ADN, mtambo wa kampuni mama za stesheni hizo, ilhali KBC iko kwa Signet, mtambo wa KBC yenyewe. Ukirekodi Citizen, king'amuzi chenye uwezo huo kitakuruhusu kutazama NTV au KTN, ila ukitaka KBC kitakuuliza kama ukatishe rekodi. Ndugu wakigombea rimoti, fahamu hilo mapema.

Njia ya kompyuta

Kwa anayependa kuchokoza mitambo kuna njia bora kuliko zote nilizotaja. Nunua tyuna ya USB ya DVB-T2, uhakikishe ni T2 kwa kuwa zile za DVB-T pekee hazikamati kitu hapa kwetu, uichomeke kwenye kompyuta ya zamani na uweke programu ya kurekodi, NextPVR kama ni Windows, au Tvheadend kama ni Linux. Windows ilikuwa na Media Center yake ya kurekodia, lakini Microsoft iliiondoa ilipoleta Windows 10 mwaka 2015, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, nayo ina kibao chake kiitwacho TV HAT, kilichotoka mwaka 2018, chenye tyuna ya DVB-T2. Kinakaa juu ya Pi, kinakula umeme kidogo mno, na rekodi unazitazama kutoka kwenye simu au TV yoyote ndani ya nyumba kupitia Wi-Fi. Sharti antena iwe nzuri. Antena ya ndani inayokatakata picha itakupa rekodi inayokatakata, hata ukiwa na kompyuta ya maelfu mangapi.

Kuokoa zile za zamani

Mama mmoja wa Majengo aliniletea kanda akiishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, humu mna marehemu anapiga kinanda kwenye TV, enzi za Voice of Kenya. Hebu nitolee." Nikamwamkia, nikaipokea, nikaiangalia kwenye mwanga kupitia kile kidirisha cha plastiki. Kwenye ukingo wa kanda nyeusi palikuwa na unga mweupe, kama ukoga wa chumvi. Nikamwambia, "Mama, leo siitii kwenye deki. Niachie kwanza."

Unga ule ni kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na kanda iliyokaa kabatini huota kuvu hata kama haikuguswa. Ukiitia kwenye deki hivyo hivyo, kuvu hushika kwenye kichwa cha kusomea, huhamia kwenye kila kanda itakayofuata, na kanda yenyewe huweza kugandana na kukatika. Kwa hiyo angalia kila kanda kwenye mwanga kabla ya yote.

Yenye kuvu iache siku kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Kisha vaa barakoa, kaa nje penye upepo, ufungue kasha. Lina skrubu tano kwa nyuma. Ipeleke kanda polepole kutoka gurudumu moja hadi jingine huku ikipita katikati ya kitambaa laini kikavu kisichoacha nyuzi, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila kinapochafuka. Magurudumu hayo yaweke kwenye kasha safi la kanda usiyoihitaji. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyomrudishia yule mama picha za mumewe. Kipindi kile hakiko YouTube, na sijui mahali pengine popote pa kukipata.

Deki nayo isafishwe. Ngoma ya kichwa cha VHS huzunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye mfumo wetu wa PAL, na vichwa vyenyewe ni vipande vidogo vinavyochomoza ukingoni mwake. Chomoa waya wa umeme. Lowanisha karatasi safi isiyo na mistari kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ishike imetulia dhidi ya ngoma, kisha izungushe ngoma kwa kidole cha mkono wa pili kutokea juu. Karatasi isipande wala kushuka. Ukisugua juu-chini utavunja kichwa, na kichwa kipya hakipatikani. Pamba za masikio pia usitumie hapo, nyuzi zake hunasa.

Baada ya hapo unganisha deki na kompyuta kwa kile kikebo cha kunasa video kinachoitwa EasyCap, njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodia kwenye kompyuta, weka PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ipeleke kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kuicheza, ili ikae sawa kwenye magurudumu. Kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya E-180 ni saa tatu, nawe utarekodi saa tatu. Dakika za mwanzo simama usikilize kama sauti inaingia.

Kwa wenye deki za DVD, fanyeni haraka kuliko wenye kanda. Diski nyingi zilirekodiwa bila kufanyiwa Finalize, yaani kufungwa baada ya kurekodi, na diski ya namna hiyo haichezi kwingine isipokuwa kwenye deki iliyoirekodi. Deki ikiwa bado inawaka, ingia kwenye menyu ya Disc, chagua Finalize, usiguse chochote hadi imalize. Deki ikiwa imekufa, programu ya IsoBuster kwenye kompyuta mara nyingi husoma diski ambayo haikufungwa. Kama deki ina hadi diski ndani, usiifungue ukitarajia kuisoma kwenye Windows, kwani kila kampuni ilitumia mpangilio wake. Zihamishe rekodi kwenye DVD tupu ukitumia deki yenyewe, au zicheze huku ukizinasa kwa EasyCap.

Kuhifadhi

Faili za .ts ni kubwa na simu nyingi hazizipendi. Usizibadili kwa programu zinazobana picha upya kama huna haja. Kwenye ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, amri ni hii:

ffmpeg -i habari.ts -c copy habari.mp4

Maneno "-c copy" huhamisha picha na sauti kama zilivyo, bila kupunguza ubora, na kazi huisha kwa dakika chache. Kama kuamuru kwa maandishi kunakutisha, LosslessCut hufanya kazi hiyo kwa kubofya, na humo pia unakata matangazo.

Jina la faili liwe na tarehe, stesheni na kilichomo, kwa mpangilio huu: 2025-03-14_KBC_mahojiano-ya-shangazi. King'amuzi huzipa rekodi majina ya namba tupu, na baada ya mwaka hutajua kipi ni kipi. Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili, kimoja kikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa mjomba. Flashi haifai kwa akiba ya miaka, itumie kurekodia tu. Rekodi za stesheni ni za kutazamwa nyumbani, usiziuze wala usizipandishe mtandaoni bila ruhusa yao. Na kila mwaka chomeka diski ya akiba, fungua faili mbili tatu uone zinacheza, na ikianza kusuasua hamishia vyote kwenye mpya siku hiyohiyo.